Neno Moja Nililoliongeza



Sisi tuliorudi seminarini baada ya mwaka wa kichungaji tuliombwa tuandike jambo moja tulilolikuta parokiani. Najua wenzangu wataandika juu ya katekesi, vigango vya mbali na pikipiki zilizozimikia matopeni. Mimi nitaandika juu ya chakula cha jioni kimoja, upande wa Kihesa mjini Iringa, tulipokuwa tunamuaga mgeni.

Mgeni alikuwa kijana wa Kijerumani anayesomea ualimu. Alikuja mwezi wa Novemba kusoma muhula mmoja katika chuo kikuu kimojawapo hapa mjini. Hakutaka kukaa hosteli, akaomba familia. Baba Paroko akampeleka kwa mama mmoja mjane wa jumuiya yetu, mwenye watoto watatu na nyumba yenye chumba cha ziada. Mimi nikapewa kazi mbili: kumfundisha Kiswahili jioni mara tatu kwa wiki, na kuwa mkalimani wa nyumba pale lugha inapokwama. Kazi ya kwanza niliifanya vizuri. Ya pili ndiyo iliyoniletea aibu ninayoieleza hapa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule mama hakuuchukua kama msemo tu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na siku ya tatu asubuhi alimkabidhi mgeni jembe kweli, wakaenda shambani. Kijana alipanda mahindi kwa kamba, mistari imenyooka kama reli, watu wakawa wanasimama njiani kutazama. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa anasalimia "kamwene" kwa kila Mhehe aliyekutana naye, na kwa wengine wengi ambao si Wahehe. Kiswahili chake kilikwenda mbio kuliko masikio yake. Wiki yake ya mwisho alisimama katika jumuiya na kutangaza kwamba amekuja "kuwamwaga". Watoto walicheka mpaka wakatoka nje. Nilimweleza tofauti ya kuaga na kumwaga, naye akasema hata hivyo yeye anajisikia kama aliyemwagika.

Mtoto wa mwisho wa mama yule alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka huo. Alifaulu, akapangiwa shule ya kata. Jioni, nikishamaliza somo langu la Kiswahili, wao wawili walikuwa wanaanza somo lao la Kiingereza kwenye meza ileile, chini ya taa ya sola. Mtoto alimwita kaka. Nilikuwa nawaacha hapo nikirudi parokiani, na mara nyingi nikigeuka nyuma naona vichwa viwili vimeinama juu ya daftari moja.

Jumamosi moja ya Januari tulikwenda Kalenga, kilometa kama kumi na tano kutoka mjini, kuona makumbusho ya Mtwa Mkwawa. Mgeni ndiye aliyeomba. Alitaka kuliona fuvu. Wasomaji wa Iringa mnaijua habari hii tangu shule ya msingi, lakini wa kwingine huenda hamuijui. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, wakakata kichwa chake, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliweka kifungu kizima, cha 246, kinachosema Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Lilirudi Juni 1954, gavana Edward Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa hapo hapo Kalenga. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Kijana alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Tulipotoka aliniuliza kama watu wa hapa waliendelea kungoja miaka yote hiyo, au kuna wakati waliacha. Nilimjibu kwamba aliyeahidiwa haachi kungoja, ila huacha kuuliza. Nililisema kama mtu mwenye hekima. Mwezi haukupita, nikamfanya mtu mwingine angoje.

Sasa nirudi kwenye ile jioni.

Mama alichinja kuku wawili. Palikuwa na ugali, wali, viazi, mboga za majani, na chupa ya soda kwa kila mtoto, jambo ambalo katika nyumba ile hutokea Krismasi na Pasaka. Wanajumuiya walijaa mpaka kibarazani. Kwetu, kama mnavyojua, mgeni haondoki tu. Anaomba ruhusa, na wenyeji wanampa. Mwenyekiti wa jumuiya alisema maneno yake marefu, mzee mmoja akasema mafupi, halafu mama akasimama. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mgeni kwa kula chakula chake bila kuchagua, kisha akanyamaza kidogo. Akasema: "Baba, huyu mdogo wako umemfungua macho. Nami sina nguvu ya kumpeleka kule kwa masista. Ukifika kwenu, usimsahau."

Nilitafsiri. Hapo sikukosea.

Mgeni macho yalimlenga machozi. Alimtazama mtoto, akanijibu kwa Kiingereza kwamba anampenda sana, kwamba hatamsahau, na kwamba akifika nyumbani ataona atakachoweza kufanya.

Kila mtu akanigeukia mimi. Nilikuwa na sekunde mbili hivi. Nilijua Kiswahili cha "ataona atakachoweza kufanya". Ni "tutaona", na kila mtu kwetu anajua kwamba "tutaona" ni "hapana" iliyovaa nguo nzuri. Lakini yeye hakuwa amesema hapana. Alisema kitu cha katikati, cha mtu mwenye moyo mwema na mfuko mdogo. Ningeweza kukieleza hivyo, kwa sentensi tatu au nne. Badala yake nilisema: "Anasema hatamsahau. Atamsaidia, Mungu akipenda."

Vigelegele vikapigwa. Mama alikaa chini akajifunika uso kwa khanga. Mgeni aliona furaha ile, akadhani ni kwa sababu ya upendo alioutamka, naye akazidi kulia. Nikiwa katikati yao nilijisikia mtu muhimu sana. Hilo ndilo ninaloona shida kulisema, lakini ndilo kweli. Sikuongeza neno lile kwa kumhurumia mama peke yake. Niliongeza kwa sababu nilitaka jioni imalizike vizuri, na imalizike vizuri kwa mdomo wangu.

Asubuhi yake tulipanda basi Igumbilo, mimi na yeye. Alikuwa ameomba aione Mbeya kabla ya kuondoka nchini, na wazazi wangu wanaishi huko, upande wa Iyunga, si mbali na stesheni ya TAZARA, kwa kuwa baba alikuwa mtu wa reli. Baba ni Mhehe, mama ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Mimi nilisoma seminari ndogo Mafinga, nikabaki mtu wa Jimbo la Iringa. Mpango ulikuwa alale kwetu siku mbili, halafu arukie Songwe kwenda Dar es Salaam na kwao.

Mama wa Kihesa alitusindikiza mpaka stendi, yeye na watoto wote. Alimpa mgeni mfuko wa karanga na chupa ya asali, na akasimama pale basi lilipoondoka mpaka hatukumwona tena. Njia ile ya Iringa hadi Mbeya ni ndefu, zaidi ya kilometa mia tatu, na kijana alikaa dirishani. Misitu ya misonobari ya Sao Hill ikapita, Mafinga na baridi yake, Makambako na wachuuzi wanaokimbilia madirishani, kisha barabara ikateremka kwenye mpunga wa Chimala na Igurusi. Hapo ndipo aliponiuliza: "Jana mama alilia sana. Alisema nini pale mwisho?"

"Anakushukuru," nikasema.

Mara ya kwanza ningeweza kusema ulimi uliteleza. Mara hii sikuwa na hata hicho kisingizio.

Mama yangu alimpokea kama alivyowapokea wenzangu wote wa seminari: ndizi za kupika, maziwa ya mgando, maswali machache. Jioni ya pili, mgeni akiwa anazungumza na baba juu ya injini za treni (walielewana vizuri ajabu, wakati hakuna lugha waliyoijua sawasawa wote wawili), nilikuwa jikoni naosha vyombo na mama. Nikamsimulia ile jioni ya Kihesa, na lile neno nililoliongeza. Nilimsimulia nikitabasamu, kama kisa cha kuchekesha. Mama aliendelea kukausha sahani. Kisha akasema: "Kwa hiyo umemkopea mgeni deni, na mwenyewe hajui."

Hakuongeza kitu. Alipomuaga kijana asubuhi alimpa majani ya chai ya Rungwe na kilo mbili za mchele wa Kyela, akamshika mikono yote miwili akamwambia "ndaga", nami nikatafsiri kwamba anasema asante. Hakumwomba arudi wala kuandika. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakumwambia hata karibu tena, alisema mlango wetu anaujua.

Songwe sikumwambia kijana kitu. Tulikumbatiana, akaniachia kompyuta yake ya zamani iwe yangu, akapita ukaguzi. Nilibaki na kompyuta mkononi na neno langu moyoni, nikapanda daladala.

Kabla ya Pasaka nililipeleka jambo hili kwenye kitubio. Niliondolewa dhambi, na nikaambiwa nirekebishe nilichokiharibu. Sehemu ya kwanza niliipokea kwa furaha. Ya pili niliiahirisha: baada ya Juma Kuu, baada ya mafungo ya vijana, baada ya Kipaimara. Tunasoma hapa seminarini kwamba maondoleo huondoa dhambi lakini hayatengenezi madhara yote dhambi iliyoyaleta, ndiyo maana kuna malipizi. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani, na nilipata alama nzuri.

Wakati mimi naahirisha, mama wa Kihesa alikuwa haahirishi. Mwezi wa Aprili aliuza nguruwe watatu na magunia mawili ya mahindi, akamhamisha mtoto kutoka shule ya kata, ambako ada ilikwisha kufutwa tangu 2016, akampeleka bweni kwa masista. Alilipa awamu ya kwanza. Awamu ya pili alikuwa na uhakika nayo, maana alikuwa ameahidiwa mbele ya jumuiya nzima. Mimi nilipata habari mtoto akiwa ameshavaa sare. Nikasema hongera.

Julai, muhula wa pili ulipofunguliwa, mtoto alirudishwa nyumbani kufuata ada.

Mama alinikuta sakristia Jumapili, baada ya Misa ya pili. "Tumsifu Yesu Kristo, Frateri." "Milele amina, mama." Akauliza habari za rafiki yangu wa Ujerumani. Nikasema mzima, ananisalimia kwenye simu mara kwa mara. Akasema: "Basi na sisi tunashukuru kama mzima." Akaaga akaondoka. Hakuuliza juu ya ada. Nikakumbuka Kalenga, na jibu langu la hekima.

Nilikwenda kwake jioni hiyohiyo. Alikuwa kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Ndani, kwenye ukuta wa sebule, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, palikuwa na picha nyingine ambayo mgeni aliisafisha mjini kabla ya kuondoka, wote wako katikati ya mahindi. Haikuwepo. Palikuwa na msumari tu.

Nikamwambia. Nilimweleza kijana alivyosema, neno kwa neno, halafu nilivyosema mimi. Nilimwambia hata habari ya basi na swali la njiani. Ilichukua muda mfupi sana. Jambo nililolibeba miezi mitano liliisha kabla hajamaliza kuchambua rundo lililokuwa mbele yake.

Nilitegemea aniulize ada italipwa na nani. Alisimamisha mkono kwenye ungo, akasema: "Kwa hiyo yule mtoto wa watu hana kosa."

"Hana, mama."

"Miezi hii yote namsema vibaya. Nimewaambia hata majirani kwamba Wazungu ni waongo." Alitazama ndani, kule kwenye msumari. "Na wanangu nimewafundisha hivyo."

Hapo ndipo nilipouona ukubwa wa kitu nilichokifanya. Nilikuwa nahesabu hasara ya nguruwe na magunia. Yeye alikuwa anahesabu kwamba amemkasirikia mtu asiye na hatia, na kwamba mtoto aliyemwita kijana yule kaka alikuwa ameambiwa amsahau. Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Aliingia ndani, akafungua kabati, akaitoa ile picha, akaifuta kwa khanga. Kisha akanipa kazi. "Mwandikie. Mwambie mama yake wa Iringa anamwomba msamaha. Na safari hii, Frateri, sema ninachosema mimi."

Akatamka maneno yake taratibu, nami nikayaandika kwenye simu mbele yake, kwa Kiswahili kwanza, nikamsomea, kisha kwa Kiingereza. Chini yake nikaandika yangu.

Kijana alijibu usiku. Alikuwa hajui chochote. Alifikiri mama amekasirika kwa jambo fulani la desturi alilolikosea, kwa kuwa salamu zake zilikuwa hazijibiwi, na alikuwa ameona aibu kuniuliza. Kuhusu ada alisema wazi kwamba hawezi, anasoma kwa mkopo na anafanya kazi ya jioni mgahawani. Kesho yake alimtumia mama ujumbe wa sauti, dakika nne za Kiswahili kibovu kabisa. Mama anautunza. Mimi aliniandikia mstari mmoja tu, na ulikuwa mgumu, nami sitauandika hapa.

Ile kompyuta niliiuza mjini kwa bei ya kutupa, ikalipa karibu nusu ya awamu. (Ndiyo maana insha hii nimeiandika kwanza kwa kalamu.) Jumuiya ilichanga kidogo, baada ya mimi kusimama na kuwaeleza ni kwa nini wanachangishwa. Masista walikubali kilichobaki kilipwe kwa maharage baada ya mavuno. Mtoto alimaliza mwaka bweni, halafu akarudi shule ya kata, na nguruwe hawakurudi.

Siku hizi ninapofika kwenye Matendo ya Mitume sura ya 20, Paulo anapowaaga wazee wa Efeso kule Mileto, nasoma polepole. Anawaambia wazi kwamba hawatauona uso wake tena. Wanalia, wanamwangukia shingoni, wanamsindikiza mpaka melini. Angeweza kusema tutaonana Mungu akipenda, na machozi yangepungua. Tena Paulo huyu alikuwa mtu aliyewahi kuumia kwa jambo la aina hii: katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya kwanza, anajitetea kwa sababu alipanga kuwatembelea asiende, nao wakamwona mtu wa ndiyo na siyo kwa pamoja. Pengine ndiyo maana Mileto hakuwapa faraja asiyoweza kuilipa. Hilo ni wazo langu tu, wakufunzi wa Maandiko wanisahihishe.

Mimi mwenyewe niliagwa parokiani katikati ya Agosti. Walinipa kitenge, jogoo, na bahasha. Watoto wa utoto mtakatifu waliimba. Kisha mwenyekiti wa parokia, mikrofoni mkononi, akaniuliza mbele ya watu wote: "Frateri, ukipata upadre utarudi kwetu?"

Kanisa likanyamaza, wanangoja. Jibu tamu nililijua, na nililisikia likipanda kooni. Nikasema sijui. Nikasema anayepanga ni Baba Askofu, na kwamba hata upadre wenyewe bado sijaufikia. Makofi yalikuja, lakini machache na yaliyochelewa. Nafikiri niliwavunja moyo baadhi yao, akina mama wa kwaya hasa.

Mama wa Kihesa alinisindikiza na mwanawe mpaka njia panda ya daladala. Mtoto alibeba jogoo. Tulizungumza juu ya mvua na bei ya mbolea. Daladala ilipokuja aliniwekea mfuko wa maharage mapajani, yaliyochambuliwa, akafunga mlango wa gari mwenyewe kwa sababu konda alikuwa anachelewa.

"Haya, Frateri," akasema dirishani. "Nenda."